Arthur Ashe: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu maisha yake na tenisi yake

Wengi wanalijua jina la Arthur Ashe kwa sababu ya uwanja mkubwa wa New York ambako fainali za US Open huchezwa kila mwaka. Majibu haya ni kwa anayetaka kumjua mwenye jina. Mengine ni marefu kuliko mengine, kwa kuwa kuna sehemu za maisha yake ambazo huwezi kuzipita mbio.

Arthur Ashe alikuwa nani?

Mcheza tenisi wa Marekani, aliyezaliwa Julai 10, 1943 na kufariki Februari 6, 1993. Alikuwa mwanamume mweusi wa kwanza kutwaa ubingwa wa mchezaji mmoja mmoja wa US Open (1968), Australian Open (1970) na Wimbledon (1975). Zaidi ya hapo alikuwa mwanajeshi, kiongozi wa umoja wa wachezaji, nahodha wa timu ya taifa, mtafiti wa historia, na mtu aliyekamatwa na polisi mara mbili kwa hiari yake.

Alikulia wapi?

Richmond, jimbo la Virginia, kusini mwa Marekani. Enzi hizo sheria za huko ziliwatenga weusi na weupe shuleni, kwenye mabasi na hata kwenye bustani za kupumzikia. Baba yake, ambaye naye aliitwa Arthur, alikuwa msimamizi wa Brook Field, bustani ya michezo iliyotengwa kwa ajili ya watu weusi, na familia ilipewa nyumba humohumo ndani. Mtoto akifungua mlango alikuwa anatazamana na viwanja vya tenisi. Bila nyumba ile, sidhani kama tungekuwa tunamzungumzia leo: tenisi ilikuwa mchezo wa klabu za wazungu wenye uwezo, na mtoto mweusi wa Richmond hakuwa na njia nyingine ya kuufikia.

Mama yake, Mattie, alifariki Machi 1950. Arthur alikuwa na miaka 6. Picha ya mwisho aliyobaki nayo kichwani ni ya mama amesimama mlangoni, amevaa joho la nyumbani la rangi ya bluu. Aliisimulia hata alipokuwa mtu mzima mwenye mtoto wake. Baba alibaki na wavulana wawili, Arthur na mdogo wake Johnnie, akawalea kwa mkono mgumu: shule ikiisha ni nyumbani moja kwa moja, na kitu ambacho hakipaswi kuchezewa kuliko vyote ni jina lako mbele za watu.

Nani alimfundisha tenisi?

Wa kwanza alikuwa Ron Charity, kijana mweusi aliyekuwa akisoma chuo kikuu hapo Richmond na kufundisha tenisi Brook Field. Alimwona yule mtoto mwembamba akimtazama kutoka pembeni, akamwuliza kama angependa kujifunza. Arthur alipofikisha umri wa miaka 10, Charity alimpeleka kwa mtu aliyekuwa na uwezo mkubwa zaidi: Dk. Robert Walter Johnson wa Lynchburg, Virginia.

Dk. Johnson alikuwa tabibu. Nyumbani kwake alikuwa na kiwanja, na kila kiangazi aliwakusanya watoto weusi wenye kipaji, akawalisha, akawalaza na kuwafundisha. Althea Gibson, mwanamke mweusi wa kwanza kushinda Wimbledon, mwaka 1957, alipita mikononi mwake.

Ni kweli alifundishwa asibishane na mwamuzi hata akionewa?

Ni kweli, na hapa ndipo penye ufunguo wa maisha yake yote, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Dk. Johnson aliwapa watoto wake masharti yasiyopatikana katika kitabu chochote cha kanuni. Mpira wa mpinzani ukitoka nje ya mstari kwa inchi mbili au pungufu, uhesabu kuwa umeingia, uurudishe. Usimnunie mwamuzi. Usitupe raketi. Mkibadilishana upande, okota mipira umkabidhi mpinzani kwa adabu. Shabaha ilikuwa moja: waandaaji wa mashindano ya wazungu walikuwa wanatafuta kisingizio cha kuwafukuza watoto weusi, na Dk. Johnson hakutaka wakipate.

Arthur mwenyewe hakuanza kwa utii. Kiangazi cha kwanza alipoelekezwa namna mpya ya kupiga mpira, alijibu kwamba Charity alimfundisha vingine. Dk. Johnson akampigia simu baba yake. Mzee akaendesha gari hadi Lynchburg, akamwambia mwanawe kwamba hapa mwalimu ni Dk. Johnson na atakalosema ndilo la kufuatwa. Mzozo ukaishia hapo.

Watu wengi, weusi kwa weupe, baadaye waliuona utulivu wa Ashe wakadhani ni woga au ubaridi wa damu. Mimi siuoni hivyo. Mtoto wa miaka 10 anayeurudisha mpira ambao ameuona kwa macho yake umetoka nje, kisha akatabasamu, anabeba uzito ambao mpinzani wake wala hajui kwamba upo. Ashe aliubeba akiwa mtoto kwa sababu aliamriwa. Ukubwani aliendelea na nidhamu hiyohiyo kwa uamuzi wake, na akajifunza kuitumia kama silaha.

Kwa nini aliondoka Richmond kabla ya kumaliza shule?

Kwa sababu mji ulikuwa umemfungia. Viwanja vizuri vya Byrd Park vilikuwa vya wazungu, hakuruhusiwa kushindana na wavulana weupe wa rika lake, na wakati wa baridi viwanja vya ndani havikuwa vya watu wa rangi yake. Mwaka 1960 alihamia St. Louis, Missouri, kwa mwaka wake wa mwisho wa sekondari, akaishi kwa Richard Hudlin, mwalimu na rafiki wa Dk. Johnson. Hapo ndipo alipopata kucheza mwaka mzima.

Chuo kikuu na jeshi je?

UCLA, California, ilimpa nafasi kwa ajili ya tenisi. Mwaka 1963 akawa mchezaji mweusi wa kwanza kuteuliwa timu ya Marekani ya Kombe la Davis, mashindano ya tenisi ya timu za mataifa, mwaka 1965 akatwaa ubingwa wa vyuo vikuu, na mwaka 1966 akahitimu shahada ya biashara. Kisha akaingia jeshini kama ofisa, akapangiwa West Point, chuo cha kijeshi.

Vita vya Vietnam vilikuwa vimepamba moto. Arthur hakupelekwa, na sababu mojawapo ni mdogo wake. Johnnie alikuwa katika kikosi cha Marine na alikuwa ameshatumikia Vietnam mara moja. Utaratibu wa jeshi haukulazimisha ndugu wawili kuwa vitani kwa wakati mmoja. Johnnie akajitolea kurudi mara ya pili ili kaka yake abaki salama. Kila ninaposoma kuhusu vikombe vya Arthur namkumbuka Johnnie.

Je, alishinda US Open ya 1968 bila kulipwa?

Ndiyo. Mwaka huo ndio wachezaji wa kulipwa waliruhusiwa kwa mara ya kwanza kushindana na wa ridhaa katika mashindano makubwa. Ashe alikuwa bado mchezaji wa ridhaa, tena luteni jeshini. Alimfunga Tom Okker wa Uholanzi katika fainali ya seti tano, 14-12, 5-7, 6-3, 3-6, 6-3. Zawadi ya bingwa ilikuwa dola 14,000, lakini kanuni hazikumruhusu kuigusa, ikaenda kwa Okker. Ashe alipata posho ya dola 20 kwa siku.

Wiki chache kabla alikuwa ametwaa pia ubingwa wa Marekani wa wachezaji wa ridhaa. Hakuna mwingine aliyewahi kushinda yote mawili katika mwaka mmoja. Wakati wa kukabidhiwa kombe, baba yake alishuka uwanjani, mzee yule wa mkono mgumu, akamkumbatia mwanawe machozi yakimlengalenga mbele ya watu wote.

Mataji yake makubwa ni mangapi?

Matatu ya mchezaji mmoja mmoja, yaliyotajwa juu. Ya wawili wawili ni mawili: Ufaransa mwaka 1971 akiwa na Marty Riessen, na Australia mwaka 1977 akiwa na Tony Roche. Kombe la Davis alilichukua na Marekani kama mchezaji, likiwemo lile la Desemba 1968 huko Adelaide.

Ilikuwaje akacheza Afrika Kusini wakati wa ubaguzi wa rangi?

Mwaka 1969 aliomba viza ili akacheze mashindano ya Johannesburg. Serikali ya makaburu ikamnyima. Akaomba tena, akanyimwa tena, naye akashinikiza nchi hiyo ifukuzwe katika Kombe la Davis, ikafukuzwa mwaka 1970. Mwaka 1973 viza ikatoka. Akatoa sharti kwamba watazamaji wasitengwe kwa rangi uwanjani. Akaahidiwa, na ahadi ikatimizwa nusunusu. Novemba mwaka huo alifika fainali, akafungwa na Jimmy Connors, ila wawili wawili alishinda pamoja na Okker. Alikwenda pia Soweto kufundisha watoto. Watu weusi wa huko walimpa jina Sipho, ambalo kwa Kizulu ni zawadi.

Safari ile ililaumiwa vikali. Wapo waliosema, kwa hoja nzito, kwamba kwa kukubali kucheza alikuwa anawapaka makaburu mafuta. Ashe aliamini kwamba kuonekana kwa mtu mweusi aliye huru, anayewafunga wazungu mbele ya halaiki, kungepasua kitu. Baadaye alihama msimamo: mwaka 1983, pamoja na mwanamuziki Harry Belafonte, alianzisha umoja wa wasanii na wanamichezo waliokataa kwenda Afrika Kusini, na Januari 1985 alikamatwa akiandamana nje ya ubalozi wa nchi hiyo mjini Washington. Namheshimu zaidi kwa kubadili msimamo hadharani. Nelson Mandela alipotoka gerezani, Ashe alikuwa miongoni mwa Wamarekani aliotaka kuwaona.

Ni yeye aliyemgundua Yannick Noah?

Ndiye. Mwaka 1971, akiwa katika ziara ya Afrika, alicheza na mvulana wa miaka 11 huko Yaoundé, Kamerun. Alichokiona kilimfanya awasiliane na Philippe Chatrier wa shirikisho la tenisi la Ufaransa. Mtoto akapelekwa Ufaransa kulelewa kimchezo, na mwaka 1983 Noah akatwaa ubingwa wa Ufaransa.

Kwa nini fainali ya Wimbledon ya 1975 bado inazungumzwa?

Kwa sababu karibu hakuna aliyeamini inawezekana. Tarehe 5 Julai, 1975, Ashe alikuwa amebakiza siku tano kutimiza miaka 32. Jimmy Connors alikuwa na miaka 22, bingwa mtetezi, namba moja wa dunia, na hakuwa amepoteza hata seti moja hadi kufika fainali. Walikuwa wamekutana kabla na Ashe hakuwahi kumfunga. Juu ya hayo, Connors alikuwa amemshtaki mahakamani kwa kumchafulia jina, baada ya Ashe kumlaumu kwa kukataa kuichezea Marekani Kombe la Davis. Ashe akaingia uwanjani amevaa jaketi la timu ya taifa, herufi za U.S.A. zikisomeka kifuani. Hakuhitaji kuongeza neno.

Usiku wa kuamkia mechi alikaa na marafiki, akiwemo wakala wake Donald Dell, wakapanga. Connors alikula nguvu za mpinzani: ukimpigia kwa kasi, anairudisha kasi yako ikiwa imeongezeka. Ashe maisha yake yote alikuwa mtu wa kupiga kwa nguvu. Kwa hiyo walichokubaliana kilikuwa kigumu kuliko kinavyosikika: auache mchezo wake mwenyewe. Akate mipira iwe laini na ya chini, hasa kwenye mkono wa kushoto wa Connors, ndio mkono aliochezea, ambako mipira mifu ya chini ilimsumbua. Sevu, yaani mipira ya kuanzisha, azipige pembeni kabisa, zimtoe Connors nje ya kiwanja. Connors akisogea wavuni, amwinulie mpira upite juu ya kichwa.

Seti ya kwanza ikaisha 6-1. Ya pili, 6-1. Connors alikuwa anapigana na hewa. Kila walipokwenda kukaa kati ya gemu, Ashe alifumba macho na kutulia tuli, hata watazamaji wakadhani amelala. Kisha Connors akaamka, akachukua ya tatu 7-5, na katika ya nne akaongoza 3-0.

Hapo ndipo mtu wa kawaida huanza kuona mpango umekufa na kurudia alichokizoea. Wenye kumjua waliogopa kwamba atarudi kwenye mipira yake ya kasi. Hakurudi. Aliendelea kukata, kuinua, kupeleka pembeni, uso haubadiliki, akashinda 6-4. Mpira wa mwisho ulipokwisha aligeuka kuelekea walipokaa rafiki zake, akainua ngumi. Hiyo ngumi moja ndiyo sherehe yote. Kesi ya Connors ikafutwa baadaye.

Mimi huiona ile fainali kama mtihani wa mwisho wa shule ya Dk. Johnson. Mtoto aliyefundishwa kumeza hasira ili asifukuzwe uwanjani alifika Centre Court, uwanja mkuu wa Wimbledon, akiwa mtu mzima, akamwonyesha mchezaji mwenye nguvu kuliko wote duniani jinsi hasira iliyotulizwa inavyofanya kazi.

Alikuwa na nafasi gani katika ATP?

Alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa umoja huo wa wachezaji wa kulipwa mwaka 1972, na baadaye rais wake. Mwaka 1973 alikuwa upande wa wachezaji 81 waliosusia Wimbledon kumtetea Nikola Pilić, aliyefungiwa na shirikisho la nchi yake.

Kwa nini aliacha kucheza?

Moyo. Julai 1979, akiwa na miaka 36 na mwili usio na mafuta, alipata mshtuko wa moyo. Magonjwa ya moyo yalikuwa katika familia yake. Desemba mwaka huo akafanyiwa upasuaji. Mapema 1980 akiwa Cairo alitoka kukimbia, maumivu yakamrudia kifuani, na Aprili akatangaza kustaafu. Kuanzia 1981 hadi 1985 alikuwa nahodha wa timu ya Kombe la Davis, na walilitwaa 1981 na 1982.

Aliambukizwaje VVU?

Kwa damu. Mwaka 1983 alifanyiwa upasuaji wa pili wa moyo, akaongezewa damu iliyokuwa na virusi. Upimaji wa damu ya kuongezea wagonjwa ulianza Marekani mwaka 1985 tu. Hakujua lolote hadi 1988, mkono wake wa kulia ulipokataa kufanya kazi. Alipasuliwa kichwa, ikakutwa toksoplazma, maradhi yanayowapata wenye kinga dhaifu, na kipimo kikathibitisha.

Kwa nini alinyamaza hadi 1992?

Kwa sababu ya binti yake. Mwaka 1977 alimwoa mpigapicha Jeanne Moutoussamy. Andrew Young, balozi wa Marekani katika Umoja wa Mataifa, ndiye aliyefungisha ndoa. Desemba 1986 walimlea kama mtoto wao binti aliyetoka kuzaliwa, wakamwita Camera. Miaka ile mtu mwenye UKIMWI aliogopwa kama moto, na watoto wa wagonjwa walitengwa. Marafiki na madaktari walioijua siri ile waliitunza miaka mitatu na zaidi, jambo linaloonyesha walivyompenda.

Aprili 1992 gazeti la USA Today lilipata fununu na kumwuliza. Ashe aliona ni heri aseme mwenyewe. Tarehe 8 Aprili alisimama mbele ya waandishi New York akasoma tamko lake. Alipofika sehemu inayomtaja Camera sauti ilikatika, akashindwa kuendelea. Jeanne akasogea, akamsomea.

Mwanamume ambaye hakulia kwa Connors, wala kwa makaburu, wala mezani pa upasuaji, sauti yake ilikatikia kwa mtoto wa miaka mitano. Alilalamika, na nakubaliana naye, kwamba hakuwa na wadhifa wa umma unaomlazimu kuutangaza ugonjwa wake, na kwamba alinyang'anywa haki ya kuchagua siku.

Alifanya nini katika miezi iliyobaki?

Mengi kuliko wengi wetu tukiwa wazima. Alianzisha mfuko wa kupambana na UKIMWI. Septemba 1992 aliandamana nje ya Ikulu ya Marekani kupinga kurudishwa kwa wakimbizi wa Haiti, akakamatwa. Muda mfupi baada ya hapo moyo ukamsumbua tena. Desemba 1, Siku ya UKIMWI Duniani, alihutubia Umoja wa Mataifa. Na alipoulizwa kama ugonjwa ule ndio mzigo mzito kuliko yote aliyobeba, alijibu hapana: mzigo mzito zaidi ulikuwa kuzaliwa mweusi Marekani. Jibu hilo liliwashtua watu waliokuwa wamemzoea kama mtu asiyelalamika.

Ni kweli aliandika vitabu vya historia?

Ndiyo. Alipotafuta historia ya wanamichezo weusi wa Marekani ili aifundishe chuoni, alikuta hakuna kitabu kinachotosha. Akatumia miaka na fedha zake kuiandika, ikatoka juzuu tatu mwaka 1988.

Alifariki lini, na amezikwa wapi?

Februari 6, 1993, New York, kwa nimonia iliyotokana na UKIMWI, akiwa na miaka 49. Mwili wake uliwekwa katika makazi rasmi ya gavana wa Virginia, maelfu wakapanga foleni kumuaga, katika mji uleule uliomfungia viwanja. Amezikwa makaburi ya Woodland, Richmond, kando ya mama yake.

Anakumbukwa vipi?

Uwanja wa New York uliobeba jina lake ulifunguliwa mwaka 1997, na ndio mkubwa kuliko viwanja vyote vya tenisi duniani, unaobeba watu zaidi ya 23,000. Richmond ilimjengea sanamu mwaka 1996 katika Monument Avenue, barabara iliyokuwa imejaa sanamu za majenerali waliopigania utumwa. Kulikuwa na ubishi mkali kama anastahili kuwa pale. Majenerali wa barabara ile waliondolewa kuanzia 2020, na wa mwisho wao mkubwa, Robert E. Lee, alishushwa Septemba 2021. Ashe bado amesimama, raketi mkono mmoja na vitabu mkono wa pili, watoto wamemzunguka.

Je, kuna mwanamume mwingine mweusi aliyeshinda Wimbledon baada yake?

Wa mchezaji mmoja mmoja, hakuna. Aliyekaribia zaidi ni MaliVai Washington, Mmarekani, aliyefika fainali mwaka 1996 akafungwa na Richard Krajicek.